Figo za Keziya wa Ikombe

Ikombe, 12 Februari 2023

Mwanangu Ikupa,

Ugonile, mama? Unaendeleaje huko Dar na joto lenu? Mimi ni mzima, ingawa uzima wenyewe umeanza kuwa na maswali, utayaona mbele. Huku mvua inanyesha hadi vyungu havikauki. Nimevipanga ndani mpaka kitandani, nalala pembeni yake kama mgeni.

Simu sitaki. Mtandao unashika pale zinapofunga boti tu, na kila anayesubiri kuvuka anasikia habari za mtu. Habari za mkojo wangu si za kusikiwa na Ikombe nzima. Hezroni wa boti atakuwa akizipeleka barua Matema, zipande basi.

Ndiyo, mkojo. Tangu Krismasi naona una povu, na povu lenyewe halitulii, linakaa kama la sabuni. Kisha miguu ikavimba. Ukibonyeza kidole panabaki shimo. Nikaenda kliniki ya kisukari Matema kama kawaida yangu, wakapima, wakaniambia protini inapita kwenye mkojo, kisukari kimeanza kugusa figo, wakanipa na vidonge vya presha. Nikamuuliza nesi, "Kisukari si kiko kwenye damu? Figo zimeingiaje?" Foleni ilikuwa ndefu, maskini, akajibu, "Kikikaa sana kinaenda kwenye figo, mama." Nikasema, kinaenda kwa njia gani? Akacheka, akamwita anayefuata.

Sasa mimi nina mtoto daktari, anayesomea kutazama vipande vya miili ya watu kwa hadubini. Kila Jumamosi sokoni Lyulilo najisifia wewe, hata wanunuzi wa vyungu kutoka Mbeya wanalijua jina lako. Nataka faida ya majisifu hayo. Nieleze kinachotokea humo ndani. Usinifiche kwa kunionea huruma. Baba yako tulimzika bila mtu kutuambia kilichomuua. Mimi sitaki kuondoka hivyo.

Anyitike jirani anakusalimu.

Mama yako,
Keziya


Dar es Salaam, 27 Februari 2023

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimepokea barua yako, nimeisoma nikiwa nimesimama pale pale ofisi ya basi. Mimi sijambo, masomo yananibana lakini nayamudu. Umeniambia nisikufiche, basi sikufichi.

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni moja. Kimoja hukioni kwa macho. Ni fundo la mishipa myembamba iliyojiviringisha, na damu yako yote inapita humo tena na tena kutwa nzima. Ukuta wa mishipa hiyo una sehemu tatu. Ndani kabisa kuna seli bapa zenye matundu, ndizo zinazogusana na damu. Katikati kuna utando. Nje kuna seli ninazozipenda kuliko zote nilizowahi kuziona, mama. Zina miguu. Kila seli inaukumbatia mshipa kwa miguu mingi, na miguu ya jirani inaingia katikati ya miguu ya mwenzake kama vidole vya mtu anayeomba. Kwenye nafasi zinazobaki kati ya vidole hivyo ndimo maji na uchafu hupita. Protini ni kubwa, inabaki kwenye damu.

Sukari inaharibuje? Seli nyingi za mwili, sukari ikizidi nje, hupunguza kuiingiza. Seli za mishipa ya figo haziwezi. Sukari ikiwa nyingi kwenye damu, inakuwa nyingi na ndani ya seli hizo. Zinaichoma mfululizo, na uchomaji huo unatoa sumu inayoumiza seli yenyewe. Zikiumia zinatoa ishara, na seli zinazoshikilia fundo la mishipa pamoja zinaanza kutengeneza nyuzinyuzi na gundi kupita kiasi. Utando unanenepa. Nafasi ya damu inabanwa.

Kuna jambo la pili, presha ya ndani ya kichujio. Figo inajitahidi kurudisha sukari isipotee, na ikiirudisha inarudisha na chumvi. Huko mbele kuna seli zinazopima chumvi. Zikiona imepungua zinadhani damu haifiki ya kutosha, basi zinaamuru mlango wa kuingilia upanuliwe. Mlango wa kutokea nao unabanwa na homoni. Damu inaingia kwa nguvu, inatoka kwa shida, na fundo linatanuka. Zile seli zenye miguu zinavutwa mpaka miguu inalala bapa, nyingine zinaachia kabisa na kutoka na mkojo. Palipobaki wazi, protini inapita. Hilo ndilo povu lako.

Na hapa lazima niwe mkweli. Seli hizo mwili wako hautengenezi nyingine za kutosha kuziba pengo. Iliyoondoka imeondoka. Zilizobaki zinajinyoosha zifunike nafasi yake, na zikizidiwa, kichujio kile kinakuwa kovu.

Lakini una vichujio vingi, mama, na vidonge vya presha walivyokupa vinafungua ule mlango wa kutokea. Vinywe kila siku hata presha ikiwa nzuri. Pia niambie, ule mgongo wako unaoumwa ukikanda udongo, unautuliza kwa dawa gani?

Binti yako,
Ikupa


Ikombe, 3 Aprili 2023

Mwanangu,

Ugonile. Tuko salama, mto umefurika lakini haujatufikia. Ndaga fijo, asante sana, kwa barua. Nimeisoma kwa utulivu, nikaisoma tena nikiwa nimeshika chungu kibichi mkononi, nikakisahau mpaka kikaninywea.

Ule mguu katikati ya mguu umenipendeza. Niliweka vidole vyangu vile, nikamwonyesha Anyitike, naye akaweka vyake. Tukakaa hivyo, wazee wawili, kama tunasali.

Sasa nikuulize. Umesema seli hizo zikiondoka hazirudi. Basi kwa nini nihangaike? Na vile vidonge nimeviacha. Vimeniletea kikohozi kikavu, kinanikata usiku, kinanikata kanisani. Anyitike anasema dawa ikianza kukausha mapafu inaendelea mpaka moyo. Nikitazama naona alichosema kina mantiki, maana tangu niache kikohozi kimekwisha.

Ya mgongo nanunua diklofenaki dukani, asubuhi na jioni. Hiyo haina shida, nimeinywa miaka. Bila hiyo sifinyangi.

Usinikasirikie. Niko imara. Wiki iliyopita nimechoma vyungu vikubwa na hakuna hata kimoja kilichopasuka.

Mama yako,
Keziya


Dar es Salaam, 14 Aprili 2023

Mama,

Shikamoo. Nimekasirika, na kalamu naiacha iseme.

Kikohozi hakitoki kwenye mapafu kuharibika. Ni tabia ya dawa ile moja, wengi inawapata. Iko dawa nyingine, dada yake, inayofanya kazi ile ile bila kikohozi. Ungemwambia daktari angekubadilishia siku hiyo hiyo. Hukumwambia daktari, ulimwambia Anyitike.

Diklofenaki iache leo. Inaubana mlango wa kuingilia kwenye kichujio ambacho tayari kimechoka, damu haifiki, seli zinakosa hewa. Kwa figo zako ni sawa na kumpiga mgonjwa. Mgongo ukiuma mwambie daktari akupe kingine.

Umeuliza kwa nini uhangaike. Kwa sababu nilisema zilizoondoka hazirudi. Sikusema zimeondoka zote. Mimi kila siku naletewa vipande vya figo za watu wenye umri wako na walio chini yako, naviona vimekuwa makovu tupu, hakuna kilichobaki cha kuokoa. Nikivitazama nawaza, mtu huyu alikuwa na mama au alikuwa na mtoto, na alikuwa na miaka ya kutosha ya kufanya kitu. Wewe unayo miaka hiyo sasa hivi. Unasema uko imara. Kama uko imara panda boti uende Matema.

Binti yako,
Ikupa


Ikombe, 9 Septemba 2023

Mwanangu Ikupa,

Ugonile, mama. Najua umekaa miezi bila neno langu. Najua ulimpigia Hezroni, naye akakujibu mama yuko anachoma vyungu. Nilimtuma aseme hivyo. Sikuwa nachoma vyungu.

Barua yako ya mwisho ilinifanya nisikusemeshe siku kadhaa, nikikusemesha kichwani tu. Baadaye nikaona unanigombeza kama nilivyokugombeza mimi ulipotaka kuacha shule darasa la sita, nikajua umelelewa na nani. Nikapanda boti.

Matema wakanibadilishia dawa. Kikohozi hakikurudi. Diklofenaki nimeiacha. Mgongo nakanda kwa maji ya moto, na udongo sasa ananikandia Tusekile, binti wa Anyitike, mimi nafinyanga tu. Lakini kila wakipima mkojo, protini inapanda upesi kuliko walivyotarajia. Daktari akasema huenda kuna ugonjwa mwingine umejificha nyuma ya kisukari, wenye dawa zake, na wa kujua ni yule atakayeona nyama ya figo yenyewe. Akaniandikia niende hospitali kubwa Mbeya.

Sikukuambia kwa sababu nilitaka niwe nimefanya kwanza, ndipo niseme. Ungekuja mbio ukaacha mitihani.

Basi nimefanya. Walinilaza kifudifudi juu ya mto, wakanichoma ganzi, wakaniambia, "Mama, usipumue sasa." Nikasikia kitu kinabofya kama kalamu ya kubonyeza, basi. Niliuliza kama naweza kukiona. Daktari akasita, kisha akanionyesha ndani ya kichupa. Ikupa, ni uzi. Uzi mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Nikamwambia, huo uzi unaenda wapi? Akasema Dar, kwa wasomaji wa figo. Nikamwambia, mmoja wao nimemzaa mimi.

Sasa nakuagiza. Usikae mbali na huo uzi kwa sababu ni wa mama yako. Utazame. Kisha uniambie ulichokiona, chote. Wengine wanaona watoto wao wakiwa wamevaa majoho. Mimi nataka mwanangu aone ndani yangu.

Mama yako,
Keziya


Dar es Salaam, 2 Oktoba 2023

Mama yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Barua yako imenikuta kabla ya kioo chenye uzi wako kufika mezani, nashukuru. Nilimwendea mwalimu wangu, Daktari Asegelile, nikamwambia, "Kuna kipande kinakuja kutoka Mbeya, ni cha mama yangu mzazi." Akasema majibu hataniachia mimi niyaandike, atayaandika yeye, huo ndio utaratibu. Nikamwambia mama ameagiza nitazame. Akasema, "Basi tutatazama pamoja, nikishamaliza."

Hadubini yake ina sehemu mbili za kutazamia. Alimaliza, akanisogezea kiti.

Mwanzo sikuona kitu. Machozi yanachafua lenzi. Nilipofuta nikakuona. Tunavipaka rangi vipande hivyo, na ule utando na gundi vinakuwa waridi iliyokolea. Kichujio cha kwanza kilikuwa kovu. Cha pili kovu. Nikaacha kupumua kama walivyokuambia wewe. Cha tatu kilikuwa na mabonge ya waridi, ya mviringo, yameisukuma mishipa kando. Hayo ndiyo alama ya kisukari, hakuna mwanafunzi asiyeyajua. Kisha akasogeza kioo, na mama, kikaja kichujio kilicho wazi. Utando umenenepa, ndiyo, lakini mishipa imefunguka, damu ina pa kupita, na pembeni mwake zimekaa seli zenye miguu. Miguu yenyewe hadubini yetu haiioni, lakini seli zilikuwepo, viini vyake vya bluu vimekaa mahali pake. Kikaja kingine kama hicho. Na kingine. Waliosimama ni wengi kuliko walioanguka.

Ugonjwa mwingine hakuna. Ni kisukari peke yake, na ile miaka ya diklofenaki imeongeza majeraha kwenye mirija inayopitisha mkojo. Daktari wako Mbeya atapelekewa yote. Nadhani atakuanzishia insulini. Ukubali.

Daktari Asegelile akasema kioo hiki kimoja kinaonyesha hatua zote za ugonjwa, tangu kichujio kinachoanza kuumia mpaka kovu, na hajapata kizuri namna hii cha kufundishia. Anaomba ruhusa yako. Jina lako halitatajwa. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu.

Binti yako,
Ikupa


Ikombe, 11 Novemba 2023

Mwanangu,

Ugonile, mama, na umsalimu sana huyo mwalimu wako. Tu wazima. Ndaga fijo kwa kunitazama.

Barua yako niliisoma nje, juani, nikalia kidogo kwa ajili ya wale walioanguka. Nikaamka nikaendelea na kazi, maana waliosimama wanahitaji kula.

Insulini nimeanza. Naichoma mwenyewe tumboni. Friji hatuna, unajua, nesi wa Matema akanifundisha kuiweka kwenye chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa maji, kivulini. Akanionyesha picha. Nikamwambia, "Mwanangu, hicho nitakufinyangia mimi." Nimefinyanga chenye kifuniko kinachokaa vizuri na mdomo unaopitisha kichupa bila kugonga. Nilimpelekea aone, akaweka kipimajoto ndani mpaka mchana, akasema ubaridi unatosha kabisa. Ameagiza kwa ajili ya wagonjwa wengine. Tusekile na mimi tunavitengeneza, na wafanyabiashara wanaovuka mpaka kwenda Karonga kwa ndugu zao wamechukua viwili.

Ruhusa. Fundisheni. Lakini hilo la jina nimelikataa. Kwa nini nifichwe? Nimeiba? Wanaochunguza vyungu vyetu huuliza nani kafinyanga, wanaandika. Hao wanafunzi wataangalia ndani ya mwili wangu, halafu waseme ni mtu fulani? Mwambie mwalimu, kwa heshima, kama anazitaka, ni figo za Keziya, mfinyanzi wa Ikombe. Nitaweka sahihi popote.

Mama yako,
Keziya


Dar es Salaam, 20 Desemba 2023

Mama,

Shikamoo. Natumaini mvua zimeanza vizuri na sukari imetulia.

Suala la jina lilifika mpaka kwenye kamati ya maadili. Walibishana. Wakakutumia mtu wa Mbeya akuulize tena kama umeelewa, nasikia ulimpa chai bila sukari ukamweleza wewe mzunguko mzima wa damu. Wakakubali.

Jana kipindi kilikuwa changu. Wanafunzi wa mwaka wa tatu, ukumbi umejaa. Nilikiweka kioo, picha ikajaa ukutani, kubwa kuliko mlango wa kanisa. Nikasema, "Hizi ni figo za Bi. Keziya, mfinyanzi wa Ikombe, wilaya ya Kyela. Yuko hai, anafanya kazi, na ameruhusu jina lake." Kawaida wanafunzi huuliza, hiki kitakuja kwenye mtihani? Jana hakuna aliyeuliza. Tulitembea kichujio kwa kichujio. Tulipofika kwenye kile kilicho wazi, kijana mmoja kutoka Ngana, anaitwa Anyisile, alinyoosha mkono akasema, "Daktari, huyu sasa tunamlindaje?" Hakusema "hiki". Alisema "huyu."

Nilikuwa nimejiandaa kutosema. Lakini nilijikuta nimenyooka, nikawaambia, "Ni mama yangu."

Walisimama, mama. Ukumbi mzima ulisimama.

Binti yako,
Ikupa


Ikombe, 16 Machi 2024

Mwanangu Ikupa,

Ugonile, mama. Sisi wazima, Anyitike anakusalimu, yeye naye amepimwa, sukari yake iko mpakani na ameacha soda kwa hasira.

Protini imeshuka karibu nusu. Haijaisha. Daktari ameniambia hawezi kuniahidi uzee wote, ila anaweza kuniahidi kazi. Nimemwambia tunaelewana.

Nikuambie la jana. Kliniki Matema alikuja mama mmoja kutoka Ikolo, bado kijana, mgongoni ana mtoto. Ndiyo kwanza ameambiwa protini inapita. Alikuwa amekaa kwenye benchi, analia bila sauti. Yule nesi wa foleni akaniangalia mimi, akanionyesha kwa kidevu tu, nenda. Nikakaa naye. Nikamwambia aweke vidole vyake hivi, mguu katikati ya mguu. Nikamweleza sukari inavyoingia bila kuzuiwa, mlango wa kuingilia, mlango wa kutokea, walioachia na walioshikilia. Nilimweleza kwa Kinyakyusa, na pale nilipokosa neno nilichora chini kwa kidole. Watu wa benchi wakasogea. Nesi naye akasogea, na foleni ikasimama, na hakuna aliyenung'unika.

Tulipomaliza yule mama akajifuta uso, akaniuliza, "Samahani, mama, kumbe wewe ni daktari?"

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Mimi ndiye wanayemsoma."

Mama yako,
Keziya